Kabaila Aliyeelimika na Sauti ya Mtwana: Jumba la Maigizo la Sheremetev katika Kioo cha Fasihi ya Kirusi

Utangulizi

Suala la ufadhili wa sanaa limezua mikabala miwili inayokinzana katika uhakiki. Wapo wanaomwona mfadhili kuwa mzazi wa pili wa kazi ya sanaa, kwa hoja kwamba pasipo mali, utulivu na mafunzo hakuna kipaji kinachoweza kukomaa. Wapo pia wanaomwona kuwa mnunuzi tu, na kwao kila kazi iliyolelewa kasrini ni pambo la tabaka tawala. Mikabala hii miwili, licha ya uhasama wake, ina jambo moja inaloshirikiana: yote humweka mfadhili katikati ya mjadala. Anasifiwa au analaumiwa yeye, na msanii aliyefadhiliwa hubaki kuwa ushahidi tu wa sifa au lawama hiyo.

Wahenga walisema, "Mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi." Methali hii hutumiwa kumlaani asiye na shukrani. Hata hivyo, ikichunguzwa kwa makini itaonekana kwamba imetamkwa kwa kinywa cha mfadhili. Mbuzi anasifiwa kwa sababu hasemi, na pia kwa sababu mwisho wake ni mchuzi wa mfadhili wake. "Maudhi" ya binadamu si jingine ila kule kuwa na kauli yake. Swali ambalo methali hii haliulizi, na ambalo mhakiki hana budi kuliuliza, ni hili: katika mahusiano ya ufadhili, ni nani aliyebaki na haki ya kusimulia?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kurejelea mojawapo ya mifano mashuhuri zaidi ya kabaila aliyeelimika na athari yake ya kiutamaduni katika miliki yake, yaani Nikolai Petrovich Sheremetev (1751–1809) wa Urusi na jumba lake la maigizo katika makasri ya Kuskovo na Ostankino, karibu na Moscow. Baada ya kueleza yaliyotendeka huko, makala yanaangalia jinsi fasihi ya Kirusi ya karne ya 19 ilivyolihukumu jukwaa la aina hiyo katika kazi tatu: tamthilia ya Griboyedov, Gore ot uma, hadithi ya Herzen, Soroka-vorovka, na hadithi ya Leskov, Tupeyny khudozhnik. Hoja inayotetewa ni kwamba kazi hizi tatu, zikisomwa kwa mfuatano, zinaonyesha sauti ikihama hatua kwa hatua kutoka kwa mtazamaji muungwana hadi kwa mjakazi mwenyewe, na kwamba uhamaji huo wa sauti ndio uhakiki mkali zaidi wa ufadhili wa kikabaila kuliko lawama yoyote iliyotamkwa wazi.

Neno "mtwana" (na "mjakazi" kwa mwanamke) linatumiwa hapa kumrejelea mkulima wa Urusi aliyefungwa kisheria kwenye ardhi ya bwana wake na ambaye, kufikia karne ya 18, aliweza kuuzwa hata bila ya ardhi yenyewe. Hali yake haikuwa sawa kwa kila jambo na ile ya mtumwa wa mwambao wa Afrika ya Mashariki, lakini msomaji wa Kiswahili atazitambua sura zake nyingi.

Kasri, Shule na Daftari

Mwaka 1762 makabaila wa Urusi waliondolewa wajibu wa kulitumikia dola kwa lazima. Wengi walirudi kwenye miliki zao wakiwa na mali, nafasi na hamu ya kuishi kama makabaila wa Ufaransa. Miaka mitano baadaye, yaani mwaka 1767, amri ya Malkia Catherine II iliwakataza watwana kupeleka malalamiko dhidi ya mabwana zao. Mambo haya mawili hayana budi kuwekwa pamoja. Utamaduni wa kasri ulichanua katika kipindi kile kile ambapo mtwana alinyang'anywa hata ile sauti ndogo ya mlalamikaji. Malkia aliyeandikiana barua na Voltaire ndiye aliyekuwa akitawala amri hiyo ilipotolewa.

Familia ya Sheremetev ilikuwa miongoni mwa zilizotajirika mno katika Urusi nzima, nayo ilimiliki watwana zaidi ya 100,000. Kikundi cha maigizo kilianzishwa Kuskovo na baba yake Nikolai katika miaka ya 1770. Nikolai mwenyewe alikuwa amesafiri Ulaya Magharibi, akasoma Leiden nchini Uholanzi, na huko Paris akajifunza kupiga cello kwa mwanamuziki wa Opera ya mji huo aitwaye Hivart. Aliporejea nyumbani aliendelea kuandikiana na mwalimu wake, akiletewa nota, michoro ya mavazi na maelezo ya mitambo ya jukwaa. Kwa njia hiyo opera za Kifaransa zilifika Kuskovo zingali mpya.

Watendaji wa kazi hizo hawakutoka Ufaransa. Watoto wa watwana waliteuliwa wakiwa wadogo, wakaondolewa kwa wazazi wao na kuletwa kasrini kufundishwa uimbaji, dansi, ala za muziki na lugha za kigeni. Aliyekuwa msimamizi wa shughuli hizo, mtunza maktaba na mfasiri wa matini za opera kwa Kirusi, Vasily Voroblevsky, alikuwa mtwana. Mchoraji Nikolai Argunov alikuwa mtwana, na nduguye Pavel Argunov, mmoja wa wasanifu wa kasri la Ostankino, alikuwa mtwana vilevile. Kufikia miaka ya 1790 kikundi kilikuwa na watu wapatao 200 na kilikuwa kimeigiza kazi zinazokaribia 100. Jumba la Ostankino lilifunguliwa mwaka 1795. Lilijengwa kwa mbao zilizopambwa zikaonekana kama mawe, na sakafu yake iliweza kuinuliwa kwa mitambo ili ukumbi wa maigizo ugeuke kuwa ukumbi wa dansi kwa muda mfupi.

Si haki kuudhihaki mchango huu. Fasihi ya jukwaani ya Kirusi ilipata hapo wafasiri, waimbaji na hadhira. Mtoto wa mhunzi alipata elimu ambayo makabaila wengi hawakuwa nayo. Anayedai kwamba hayo yote yalikuwa bure hajazisikiliza kazi zenyewe. Hata hivyo, daftari la kasri liliwaorodhesha waimbaji hao pamoja na mali nyingine za bwana, na hakuna kipaji chochote kilichoweza kumtoa mtu katika daftari hilo pasipo mkono wa mwenye daftari.

Kinaya cha Jukwaa

Mtu anayeudhihirisha mgongano huu kwa ukamilifu ni Praskovya Kovalyova (1768–1803). Alikuwa binti wa mhunzi mtwana. Aliletwa kasrini akiwa mtoto, akafundishwa Kifaransa, Kiitaliano na kinubi, na mwaka 1779, akiwa na umri wa miaka 11, akapanda jukwaani. Bwana wake aliwabatiza waigizaji wake wa kike majina ya vito. Praskovya akaitwa Zhemchugova, kutokana na neno la Kirusi lenye maana ya lulu. Mchezaji dansi Tatyana Shlykova akaitwa Granatova, kutokana na jina la kito chekundu.

Jazanda hii ya vito inastahili kuzingatiwa. Katika ushairi wa Kiswahili lulu ni sifa ya kawaida ya mpenzi, na hapana shaka kwamba Sheremetev naye alikusudia kusifu. Lakini lulu ni kitu kinachomilikiwa, hupokezanwa na kurithiwa. Jina la jukwaani liliusema ukweli ambao wenyeji wa kasri hawakuudhamiria: sifa na umiliki vilikuwa vimekaa katika neno moja.

Kinaya kinazidi kuwa kikali katika kazi iliyompa Praskovya umaarufu mkubwa zaidi. Opera ya Grétry, Les mariages samnites, iliyoigizwa Paris kwa mara ya kwanza mwaka 1776, iliwekwa jukwaani Kuskovo mwaka 1785. Mhusika wake mkuu wa kike, Eliane, anaishi katika jamii ambayo sheria yake inamkataza msichana kudhihirisha mapenzi yake kwa hiari. Eliane anaikaidi sheria hiyo, anavaa mavazi ya kivita na kuingia vitani, na kwa ushujaa wake anapata haki ya kumpata amtakaye. Praskovya aliuigiza uhusika huu mbele ya Malkia Catherine II mwaka 1787, naye Malkia akamzawadia pete ya almasi. Mwaka 1797 aliuigiza tena Ostankino mbele ya Stanisław August Poniatowski, aliyekuwa mfalme wa mwisho wa Poland.

Hali hiyo iliwaweka pamoja watu watatu katika ukumbi mmoja: Malkia aliyemnyima mtwana haki ya kulalamika, bwana aliyemmiliki mwigizaji, na mjakazi aliyekuwa akiimba kuhusu uhuru wa kuchagua. Wote walifurahi. Je, opera hiyo ilikuwa chombo cha itikadi ya kikabaila au ilikuwa pingamizi dhidi yake? Jibu la haki ni kwamba ilikuwa yote mawili. Kwa hadhira ya makabaila, uhuru uliotendwa jukwaani ulikuwa starehe, kwa kuwa pazia liliposhuka kila kitu kilirejea mahali pake. Kwa upande mwingine, mwigizaji hawezi kutamka maneno ya mtu huru kwa miaka 12 bila ya maneno hayo kuacha alama. Kasri lilikuwa linawafunza watwana lugha ambayo lenyewe halikuwa na jawabu lake.

Sheremetev mwenyewe aliguswa na lugha hiyo. Alimpenda Praskovya, akampa uhuru mwaka 1798, na mwaka 1801 akamwoa kwa siri mjini Moscow. Kwa kuwa ndoa ya kabaila wa daraja lake na binti wa mhunzi ingekuwa aibu kubwa, ukatungwa ukoo wa uongo uliomfanya mke huyo kuwa mzawa wa familia ya waungwana wa Poland. Praskovya, ambaye kifua kikuu kilikuwa kimekwisha kuinyamazisha sauti yake, alifariki mwaka 1803, majuma machache tu baada ya kumzaa mwanawe Dmitry. Mumewe aliikamilisha kwa kumbukumbu yake nyumba kubwa ya kuwatunza maskini na wagonjwa mjini Moscow, iliyofunguliwa mwaka 1810, baada ya yeye mwenyewe kufa.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya mapenzi yaliyoshinda tabaka. Kwa mhakiki, hata hivyo, swali ni la usimulizi. Habari za Praskovya zinatoka wapi? Zinatoka katika kumbukumbu za kasri, katika picha alizochora Argunov, ambaye alikuwa bado mtwana alipomchora na aliachiwa huru miaka mingi baadaye, na katika wosia ambao Sheremetev alimwandikia mwanawe akimweleza fadhila za mama yake: wema, unyofu, uaminifu na ucha Mungu. Ni maandishi ya mtu aliyependa kweli, na hakuna haja ya kuutilia shaka unyofu wake. Lakini bado ni kauli ya bwana. Hata ule ukoo wa uongo, pamoja na nia yake njema, ulimfuta baba mhunzi ili mke apate kutajika mbele za watu.

Mapokeo ya Kirusi yanamhusisha Praskovya na wimbo mmoja maarufu kuhusu msichana mkulima anayerudisha ng'ombe nyumbani jioni, akakutana na bwana aliyetoka kuwinda. Bwana anamwuliza anatoka kijiji gani. Msichana anajibu kwa unyenyekevu kwamba yeye ni mtu wa bwana huyo huyo. Kisha bwana anamtangazia kwamba, ingawa alizaliwa mkulima, kesho atakuwa bibi. Awe mtunzi ni Praskovya au la, muundo wa mazungumzo hayo una maana kubwa. Msichana ndiye anayeusimulia wimbo, lakini ndani ya tukio lenyewe jibu lake linakitaja kile tu anachomilikiwa nacho. Mustakabali wake unatamkwa na mwingine. Kuinuliwa kwake ni amri, sawa na vile ambavyo kushushwa kwake kungekuwa amri.

Kutoka Tashtiti hadi Ushuhuda

Alexander Griboyedov aliikamilisha Gore ot uma katika miaka ya 1820, na kwa muda mrefu ilisomwa kwa nakala za mkono kutokana na vikwazo vya wadhibiti wa maandishi. Katika tendo la pili, mhusika mkuu Chatsky anawashambulia wazee wa Moscow wanaojifanya mahakimu wa wenzao. Miongoni mwa mifano yake ni bwana aliyewabadilisha watumishi wake waaminifu kwa mbwa watatu wa kuwindia, na mwingine aliyekusanya watoto walionyakuliwa kwa wazazi wao ili wacheze dansi za miungu wadogo wa mapenzi na pepo. Mji mzima ulistaajabia uzuri wao. Wadai walipobisha hodi, miungu hao wakauzwa mmoja mmoja.

Tashtiti hii ina nguvu kwa sababu inavunja mpaka kati ya jukwaa na soko. Griboyedov anayataja majina ya uhusika, si ya watoto, na anaviuza vitu ambavyo haviuziki, yaani pepo na miungu. Kwa pigo moja uzuri wa jukwaa unageuka kuwa hati ya mauzo. Hata hivyo, msemaji ni Chatsky, muungwana kijana aliyerejea kutoka safarini. Watoto wenyewe hawana kauli, na wanapita katika hotuba yake kama walivyopita jukwaani. Hasira ni ya haki, lakini ni hasira ya mtazamaji.

Hatua ya pili inapigwa na Alexander Herzen katika Soroka-vorovka, iliyoandikwa mwaka 1846 na kuchapwa mwaka 1848. Hadithi hii ilitolewa kwa heshima ya Mikhail Shchepkin (1788–1863), mwigizaji mkubwa aliyezaliwa mtwana na kukombolewa akiwa mtu mzima. Msomaji wa Kiswahili anayekijua Mkaguzi Mkuu wa Serikali atapenda kukumbuka kwamba Shchepkin ndiye aliyeigiza uhusika wa meya katika onyesho la kwanza la tamthilia hiyo ya Gogol mjini Moscow mwaka 1836. Kisa cha Herzen kilitokana na simulizi ya Shchepkin kuhusu mwigizaji aliyemwona Orel, katika jumba la maigizo la kabaila Kamensky.

Herzen anatumia mbinu ya hadithi ndani ya hadithi. Wasomi watatu wanabishana ni kwa nini Urusi haina waigizaji wakubwa wa kike. Kila mmoja ana nadharia yake. Anaingia msanii mashuhuri na kuwaambia kwamba alipata kumwona mmoja. Alimwona katika jumba la Mwinyi Skalinsky, akiigiza uhusika wa Aneta, mtumishi anayesingiziwa wizi na kuandamwa na hakimu mwenye tamaa. Baada ya shida ya kuruhusiwa kuonana naye, msanii anamsikiliza akijieleza. Bwana wake wa kwanza alikuwa mtu mwema, mpenzi wa sanaa. Alimsomesha na kumpeleka Italia na Paris. Bwana huyo alifariki ghafla kabla ya kuwaandikia watu wake hati za uhuru, na mwigizaji akaangukia mikononi mwa Skalinsky, ambaye alipokataliwa kimapenzi alimkumbusha kwamba yeye ni mjakazi wake kwanza kabla ya kuwa mwigizaji.

Mhakiki anayekimbilia kumlaani Skalinsky atapitwa na kiini cha hadithi. Mtu anayeshtakiwa kwa kina zaidi ni yule bwana wa kwanza, kabaila aliyeelimika. Herzen hamnyimi sifa hata moja. Anampa ukarimu, ladha na huruma. Alichokosa ni kitu kidogo tu, saini. Kutokana na pengo hilo elimu yote aliyoitoa inageuka kuwa adhabu, kwa kuwa imemfanya mwigizaji aweze kuihisi kwa ukamilifu fedheha ambayo asiyefunzwa angeihisi nusu. Ndivyo Herzen anavyoonyesha udhaifu wa msingi wa ufadhili wa aina hii: wema wote umewekwa katika maisha ya mtu mmoja, na mtu hufa.

Kwa upande wa sauti, mwigizaji wa Herzen anasema kwa nafsi ya kwanza. Hili ni badiliko kubwa kutoka kwa Griboyedov. Lakini ushuhuda wake unamfikia msomaji kupitia kwa msanii mgeni, kisha kupitia kwa baraza la wasomi. Herzen anaijua kasoro hiyo na anaitumia. Hadithi inapomalizika, baada ya kifo cha mwigizaji, mmoja wa wasikilizaji anauliza kwa nini hakufunga ndoa ya siri. Swali hilo linadhihirisha kwamba msikilizaji hakusikia kitu: mtwana hakuweza kuoa wala kuolewa bila ya idhini ya bwana. Anayelijua kasri la Sheremetev ataliona swali hilo kuwa chungu zaidi. Ndoa ya siri ilifungwa kweli mara moja, na ilifungwa kwa sababu bwana ndiye aliyeitaka.

Kaburini Orel

Tupeyny khudozhnik ya Nikolai Leskov ilitolewa mwaka 1883. Tabaruku yake inaikumbuka tarehe 19 Februari 1861, siku watwana wa Urusi walipotangaziwa uhuru. Leskov anarejea Orel na kwenye jumba lile lile la Kamensky. Msimulizi anakumbuka utoto wake na yaya wa mdogo wake, bibi kizee Lyubov Onisimovna, ambaye zamani alikuwa mwigizaji wa jumba hilo. Akiwa ameketi juu ya kaburi, yaya anawasimulia watoto habari za Arkady, msusi na mpambaji wa nyuso za waigizaji. Walipendana. Siku moja bwana alimpelekea msichana hereni za kito, ishara kwamba baada ya maigizo angevikwa nguo nyeupe za Mtakatifu Cecilia na kupelekwa kwake. Wapenzi wakatoroka, kasisi waliyemkimbilia akawasaliti, Arkady akateswa kisha akapelekwa jeshini, naye msichana akatupwa kwenye zizi la ng'ombe. Miaka ilipopita Arkady alirudi akiwa ofisa, na fedha za kumkomboa mpenzi wake zikiwa mfukoni. Usiku huo huo mwenye nyumba ya wageni akamwua kwa ajili ya fedha hizo.

Kimaudhui, Leskov anaongeza ukatili. Kifani, anaongeza jambo kubwa zaidi, kwani anaikabidhi hadithi kwa mjakazi mwenyewe na kwa lugha yake. Usimulizi wa Lyubov Onisimovna ni wa mdomo, wenye mapumziko, marudio na maneno ya kigeni yaliyopinda. Kito alichopelekewa na kichupa cha pombe anachokinywa usiku vyote vina majina ya Kifaransa yaliyovunjikia kinywani mwake. Mhakiki asiyatazame maneno hayo kama mapambo ya lahaja. Ni mabaki ya elimu ya kasri. Ule utamaduni uliotoka Paris pamoja na nota na michoro ya mavazi umefikia mwisho wake hapa, katika maneno mawili matatu ya bibi kizee. Nayo anayatumia kutaja kile kilichomharibia maisha na kile kinachomsahaulisha.

Vazi la Mtakatifu Cecilia nalo linadai kufasiriwa. Katika mapokeo ya Kikristo Cecilia ni msimamizi wa muziki, bikira aliyekufa shahidi. Bwana anaitumia sanaa takatifu kulipamba tendo la kumnajisi binti. Griboyedov alionyesha jukwaa likigeuka soko. Leskov anaonyesha kwamba jukwaa halikomei jukwaani, kwani bwana ameyafanya maigizo kuwa utaratibu wa maisha ya kasri zima, naye ndiye mwelekezaji pekee.

Jambo la mwisho ni hadhira. Wasikilizaji wa yaya si wasomi wenye nadharia. Ni watoto, nao hawaulizi kwa nini hakuolewa kwa siri. Wanasikiliza tu, na mmoja wao anakua na kuandika. Hapo ndipo sauti inapompata mpokezi asiyeikatiza.

Hitimisho

Huenda ikadaiwa kwamba si haki kumpima Sheremetev kwa kipimo cha Kamensky. Dai hilo ni la kweli kihistoria. Sheremetev alimwoa mjakazi wake na kuwajengea maskini nyumba. Kamensky wa fasihi aliwatesa watu wake. Lakini tofauti baina yao ilitegemea nini? Haikutegemea sheria, kwa maana sheria ilikuwa moja kwa wote. Ilitegemea moyo wa mtu mmoja mmoja. Kabaila aliyeelimika na kabaila katili walikuwa na daftari la aina moja, na mwigizaji aliweza kuhama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule kwa kifo kimoja au deni moja, kama Herzen na Griboyedov walivyoonyesha.

Basi, athari ya kiutamaduni ya kasri la Sheremetev isikanushwe, na wala isitumiwe kuwa hati ya kumtakasa mwenye kasri. Wafasiri, waimbaji, wachoraji na wajenzi wa Kuskovo na Ostankino walifanya kazi iliyodumu, na sifa ya kazi hiyo ni haki yao kabla ya kuwa haki ya aliyewamiliki. Uhakiki unaoandika kwamba Sheremetev "alijenga" na Sheremetev "aliigiza" unaendeleza daftari lile lile kwa wino mwingine.

Funzo la kihakiki linalotokana na kazi hizi linavuka mipaka ya Urusi. Kila inaposomwa sanaa iliyolelewa chini ya kivuli cha mwenye nguvu, awe mwinyi, dola au taasisi, haitoshi kuuliza iwapo mfadhili alikuwa mwema. Inafaa kuuliza kisa kinasimuliwa kwa nafsi ya nani, ni nani anayeruhusiwa kujibu, na jina la mhunzi limeandikwa wapi. Ilichukua karibu miaka 60 kutoka hotuba ya Chatsky hadi kauli ya bibi kizee wa Orel, na kauli hiyo ilipofika, watwana walikuwa na zaidi ya miaka 20 tangu watangaziwe uhuru. Praskovya Kovalyova, aliyeimba kwa lugha tatu, hakuiacha habari yake kwa maandishi yake mwenyewe hata katika lugha moja.